Mzazi na Daftari la Mwanawe Ugenini

  

 Wako leo katika mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, watu wa Oman na wa nchi nyingine za Ghuba ambao lugha ya nyumbani mwao ni Kiswahili, kwa kuwa wazee wao walizaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au bara. Wengine huenda kwa siku chache tu, wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957 na hufanywa mara mbili kila mwaka. Wengine wamehamia huko pamoja na wake zao na watoto wao, na watoto wamekwisha kutiwa skuli. Maneno haya yanawahusu zaidi hawa wa pili, ijapokuwa mzazi aliyeko Muscat, Dubai au Doha naye hatakosa fungu lake ndani yake.

Safari hii si mpya. Mji huo ndio ambao mabaharia wa Kiarabu wa zamani waliuita Khanfu. Katika karne ya pili ya Hijra alifika nchi ya Uchina Sheikh Abu Ubayda Abdullah bin al-Qasim, mwanachuoni wa Kiibadhi kutoka Oman, naye alikuwa mfanyabiashara wa udi. Na katika kitabu cha habari za Uchina na India, kilichoandikwa mwaka 237 H., sawa na 851 M., imetajwa kuwa Waislamu wa Khanfu walikuwa na mtu wao aliyewekwa kwa idhini ya mtawala wa nchi, akihukumu baina yao, akiwasalisha Idi na kuwahutubia. Basi ukadhi umefika Guangzhou kabla ya kufika katika miji mingi ya pwani ya Afrika inayojulikana leo. Msikiti wa Huaisheng pamoja na mnara wake ambao watu wa mji huuita Mnara wa Nuru ungalipo. Watu husimulia kuwa msikiti huo uliasisiwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, lakini wenye kuchunguza tarehe hawaikubali riwaya hiyo, na ukongwe wa msikiti hauhitaji kupambwa kwa lisilothibiti. Na yule jahazi aitwaye Sohar, ambaye watoto wa Muscat humwona amesimamishwa karibu na Al Bustan, alijengwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari, akang'oa nanga mwezi wa Novemba 1980, akatia nanga Guangzhou mwezi wa Julai 1981.

Jambo moja katika kitabu kile cha mwaka 237 H. linastahiki kuangaliwa zaidi kuliko habari za bidhaa. Mwandishi alistaajabu kuona kuwa Wachina, tajiri wao na maskini wao, mdogo wao na mkubwa wao, wote hujifunza kuandika, na kuwa katika kila mji yuko mwalimu wa kuwafundisha maskini na watoto wao, na riziki zao hutoka katika hazina ya serikali. Mfanyabiashara yule alikwenda kununua hariri na vyombo vya kaure, akarudi na habari ya skuli.

Imepokewa katika Musnad ya Imam al-Rabi bin Habib, kwa njia ya Abu Ubayda kutoka kwa Jabir bin Zayd kutoka kwa Anas bin Malik, ile hadithi mashuhuri inayoamrisha kuitafuta elimu hata ikiwa Uchina. Wanavyuoni wa hadithi wa madhehebu nyingine wameisema sanadi yake kwa njia walizonazo wao, wengine wakaidhoofisha na wengine wakaikataa kabisa, na si mahali hapa pa kuyafungua maneno hayo. Linalotosha ni kwamba maana yake haina mgongano na amri iliyoteremka mwanzo kabisa, nayo ni amri ya kusoma. Basi ni ajabu ya mtu aliyefika Uchina yenyewe, akahangaika kwa ajili ya viti na taa na vigae, kisha daftari la mwanawe likawa limelala mezani halijui.

Na liko kosa jingine lililo kinyume cha hilo, nalo ndilo lililo kubwa zaidi siku hizi kwa sababu linavaa nguo ya huruma. Nalo ni mzazi kuifanya yeye kazi aliyopewa mtoto.

Sheria imeeleza waziwazi mipaka ya walii. Katika Aya ya deni, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, imetajwa kwamba mdaiwa akiwa ni mpungufu wa akili au dhaifu au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi walii wake aandikishe kwa uadilifu. Yaani walii huingia pale mwenyewe asipoweza. Na katika Sura ya Nisaa mawalii wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikilie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa kutunza mali, wawakabidhi mali yao. Wanazuoni wa fikihi wameeleza jaribio hilo: kijana hupewa kitu kidogo auze na anunue, na walii anamtazama. Sasa na ifikiriwe, lau walii angelimpokonya yatima kile kikapu akakiuza yeye, kisha akaja mbele ya kadhi akasema, "Nimemjaribu, ni hodari," ingekuwaje hukumu? Ushahidi wake ungerudishwa. Kazi ya nyumbani ambayo mwalimu humpa mtoto ni jaribio la namna hiyo hiyo. Mwalimu anataka kujua mtoto amefahamu nini, na mtoto mwenyewe anataka kujijua.

Huhadithiwa habari ya mfanyabiashara mmoja, asili yake Unguja na makazi yake Muscat, aliyehamia Guangzhou na mkewe na watoto wawili, akapanga nyumba karibu na Xiaobei, mtaa unaojulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika na wa Kiarabu. Shughuli yake ilikuwa kununua fanicha Foshan na kuzipakia katika makontena. Mwanawe wa kiume alikuwa darasa la tano katika skuli ya mji. Baba alikuwa hodari wa hesabu, lakini hurudi amechoka, na mtoto humngoja na daftari. Basi alichofanya kila usiku ni kuchukua penseli, akaandika majibu juu ya kipande cha karatasi, na mtoto akayanakili kwa hati nzuri. Muhula mzima daftari likarudi na alama za sahihi. Ulipokuja mtihani, mtoto hakupata hata theluthi ya maswali.

Mama ndiye aliyeitwa skuli, kwa kuwa Kichina chake kilikuwa bora kuliko cha mumewe. Alikipata sokoni na kwa majirani. Aliporudi hakupiga kelele. Alingoja mpaka mumewe amekwisha kula, akaliweka daftari upande mmoja na karatasi ya mtihani upande mwingine.

"Bwana, daftari hili ni la nani?"

"La mwanao."

"Na karatasi hii?"

"Yake pia."

"Basi mmoja katika hawa wawili si mwanangu."

Yule bwana alikasirika kwanza, akasema kuwa alikuwa anamsaidia mtoto. Kisha akanyamaza, kwa sababu wiki ile ile alikuwa amegombana na mwenye kiwanda. Alikuwa amefungua shehena yake, akaona maboksi ya safu ya juu yana viti vizuri kama ile sampuli aliyoonyeshwa, na ya chini yana viti vilivyopasuka miguu. Aliukataa mzigo wote, na alimwambia yule mtu maneno makali juu ya hadaa. Na kila Muislamu anaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta maji, na mwuzaji akatoa udhuru wa mvua, akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu ya Waislamu. Daftari lile lilikuwa kavu juu na limerowa ndani, na aliyelipanga hivyo ni baba. Ghushi haiwi halali kwa kuwa aliyehadaiwa ni mwalimu asiye Muislamu. Mkataba ni mkataba, na amana hairudishwi kwa nusu.

Toka usiku ule alibadili mwendo, na yafaa kueleza alivyofanya, kwani wazazi wengi hukubali kuwa wasifanye kazi ya mtoto lakini hawajui wafanye nini badala yake.

Swali lilikuwa ni kujumlisha thumuni moja na sudusi moja. Mtoto alijumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, akaandika 2/14. Kosa hili ni la watoto wa dunia nzima. Baba hakusema kuwa si sahihi, na wala hakushika penseli. Aliuliza:

"Mtu amekufa, madeni yake yamelipwa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana nini?"

"Thumuni, Baba." Haya alikuwa ameyasoma madrasa Muscat.

"Na mama?"

"Sudusi."

"Wote wawili wamechukua kiasi gani?"

Mtoto akaonyesha 2/14 yake. Baba akamwambia aifupishe, ikawa 1/7.

"Mama peke yake alikuwa na sudusi. Sudusi na subui, ipi kubwa?"

Mtoto akafikiri kwa muda. Akasema kuwa mkate ukikatwa vipande sita, kipande ni kikubwa kuliko ukikatwa saba.

"Basi mama alipokuwa peke yake alikuwa na kingi, na alipoongezewa fungu la mke kikapungua?"

"Haiwezekani, Baba."

"Nani amewadhulumu wale wanawake?"

"Hesabu yangu," akasema mtoto, akaifuta mwenyewe.

Hapa pana faida kubwa. Mtoto hakuambiwa kuwa amekosea. Aliliona kosa kwa macho yake, na aliyeliona kosa kwa macho yake halirudii upesi. Kisha baba akamuuliza mwalimu wao huzisomaje sehemu kwa Kichina. Mtoto akaeleza kuwa Wachina huanza na kilicho chini: hutaja kwanza mafungu manane, kisha husema kuwa katika hayo, moja. Baba hakuwa akilijua hilo, akafurahi nalo kwelikweli, na mtoto akafurahi kumfundisha babake. Katika hesabu za Kiswahili namba ya chini huitwa asili na ya juu huitwa kiasi, na wanazuoni wa mirathi nao huita namba ambayo hugawiwa mafungu yote asili ya suala. Basi fungu la nane na fungu la sita si za asili moja, na kuzijumlisha kabla ya kuzileta katika asili moja ni kama kujumlisha pishi na ratili.

Mtoto alizidisha nane kwa sita, akapata 48. Thumuni ikawa 6, sudusi ikawa 8, jumla 14 katika 48. Jibu hilo ni sahihi, na baba hakulikataa kwa kuwa si lile alilokuwa nalo kichwani. Wazazi wengi huharibu hapa. Alimuuliza tu kama iko namba ndogo zaidi inayogawika kwa nane na kwa sita. Ikapita muda mrefu. Mtoto alikuwa akinong'ona ile jedwali ya kuzidisha ambayo watoto wa Kichina huihifadhi kwa mahadhi, kama watoto wa chuoni Unguja walivyokuwa wakihifadhi hijai zao. Kisha akasema 24. Mke 3, mama 4, wote 7 katika 24, na mtoto wa marehemu amebakia na 17.

Kazi hii ilichukua kiasi cha dakika ishirini kwa swali moja, na yule bwana alizoea kumaliza maswali kumi kwa dakika tano. Lakini muda wenyewe si mrefu. Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Uchina iliamrisha kuwa watoto wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi ya kuandika ya nyumbani, wa darasa la tatu mpaka la sita isizidi kwa wastani dakika 60, na wa sekondari ya chini isizidi dakika 90. Na makampuni yaliyokuwa yakiuza masomo ya ziada kwa faida yakazuiwa katika masomo ya msingi ya skuli. Hiyo ni saa moja. Mzazi anayesema hana saa moja baina ya Magharibi na kulala aitazame simu yake imekula ngapi.

Ama kusoma kuna uzito wake wa pekee. Mtoto wa skuli ya Kichina hutakiwa azitambue alama kiasi cha 3,000 anapomaliza msingi, na baba na mama wengi hawazijui hata mia. Basi watamsaidiaje? Yule mama alimsaidia binti yake, wa darasa la tatu, kwa Kiswahili. Binti akisoma kisa kwa Kichina, humweka mamake akamsimulia kwa lugha ya nyumbani. Na mama huuliza nani alifanya nini, na kwa nini. Binti akijibu kwa kukisia, mama humwambia, "Nionyeshe palipoandikwa." Mara nyingi pakawa hapakuandikwa. Neno hili ni la mahakamani hasa. Shahidi huulizwa alichokiona na alichokisikia, hakuulizwa alichodhani, na mtoto aliyezoea kutenga lililoandikwa na alilolidhani mwenyewe atakuwa msomaji mzuri wa mkataba wowote, kwa lugha yoyote. Na Kiswahili cha nyumbani kinahifadhika kwa njia hiyo hiyo, bila ya kuwekewa saa yake.

Subira katika maswali ni mwendo wa masheikh. Wale wanafunzi walioitwa wabebaji wa elimu walikaa Basra kwa Imam Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima miaka mitano, wakisoma kwa siri ndani ya pango chini ya ardhi kwa kuwaogopa watawala. Ilipofika siku ya kuagana, husimuliwa katika vitabu vya sira kuwa mmoja wao, Ismail bin Darrar wa Ghadamis, naye yuko tayari kupanda mnyama wake, alimuuliza sheikh masuala mia tatu ya hukumu. Sheikh akamjibu, kisha akamwuliza kwa mzaha kama anataka kuwa kadhi. Huyo ni mwanachuoni mkubwa wa zama zake, mlangoni, msafara unangoja. Na mzazi wa leo huulizwa suala la tatu akasema, "Mtoto huyu ana kichwa kigumu!" Neno hilo mtoto huliamini. Na Sheikh Nuruddin al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alikuwa kipofu tangu utotoni, hakuwa na budi ya kusomewa na wengine. Pamoja na vitabu vyake vikubwa vya fikihi aliandika Talqin al-Sibyan, kitabu kidogo cha kuwafundishia watoto mambo ya lazima ya dini. Hakuona ni kushuka daraja kuwaandikia watoto.

Limebakia suala la simu. Siku hizi ziko programu ambazo mtoto hulipiga picha swali, na jibu likatoka pamoja na hatua zake zote. Hukumu yake haikuhitilafiana na ile ya kipande cha karatasi cha yule baba. Ikiwa mtoto amejaribu, amekwama, akataka kuona njia, kisha akaifunga simu na akafanya swali jingine mfano wake kwa mkono wake, basi huko ni kujifunza, na simu imekuwa kama kitabu. Ikiwa amenakili, basi ameghushi, na mzazi aliyejua akanyamaza ni mshirika wake. Na hapana haja ya kumpeleleza mtoto kwa hila. Mwambie aeleze. Aliyenakili hawezi kueleza.

Usiku ule, baada ya mafungu 24 kugawiwa, baba alikwisha kuinuka kwa ajili ya Isha. Mtoto akamuuliza, "Baba, na huyo marehemu angekuwa na wake wawili?" Baba akamwambia kuwa thumuni ni ile ile moja, wataigawana wao kwa wao, na kuwa atalala kwanza, jibu alilete baada ya Alfajiri. Asubuhi, baba akiwa bado juu ya msala wake, mtoto alikuja na daftari mkononi: kila mke 3, mama 8, mtoto wa kiume 34.

"Na asili yake?" akauliza baba.

"48, Baba. Ile ya jana imerudi."